Kunasa na Kuhariri Sauti kwa Kompyuta katika Utafiti wa Kiswahili cha Lubumbashi

1. Utangulizi

Kiswahili kinachosemwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kimeandikwa kwa uchache mno kikilinganishwa na wingi wa wasemaji wake. Mtafiti anayetaka kukijua hana budi kwenda kukisikiliza sokoni, kanisani, matangani na katika nyua za nyumba, kisha arudi chuoni na sauti aliyoinasa. Sauti hiyo ndiyo matini yake. Ikipotea au ikiharibika, hakuna kitabu atakachokifungua ili kuirejesha.

Uzito wa jambo hili unadhihirika katika historia ya andiko moja mashuhuri. Mnamo mwaka 1965 André Yav alikusanya habari za mji katika kijitabu kiitwacho Vocabulaire de Ville de Elisabethville. Lugha yake ilikuwa Kiswahili cha watu wa mji, na tahajia yake haikufuata kanuni zilizozoeleka. Mipaka ya maneno na ya sentensi ilimtatiza msomaji. Johannes Fabian, aliyelitoa andiko hilo pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990, alisaidiwa na Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, ambaye alilisoma kwa sauti na usomaji wake ukanaswa. Mengi yaliyokuwa yamefichika katika hati yalifunguka pale yaliposikika. Maandishi yalihitaji sauti ili yaeleweke.

Leo vyombo vya kunasia na kuhariria sauti vimekuwa rahisi kupatikana. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji studio. Lakini urahisi huo umeleta hatari yake: ni rahisi pia kukata, kusafisha na kupunguza hadi kile kilichokuwa ushahidi wa lugha kigeuke kuwa kitu kingine. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kujifunza kazi hiyo kwa ufanisi. Hoja yake ni moja: katika utafiti wa lugha, mtu mwenye ufanisi ni yule anayejua mapema ni nakala ipi ya kuhariri na ipi isiyoguswa kabisa. Yaelezwa kwanza jinsi sauti inavyogeuzwa kuwa tarakimu. Kisha kazi ya kunasa, kujifunza programu, hatari za kusafisha sauti, kanda za zamani, na mwisho uhifadhi.

2. Jinsi sauti inavyogeuka kuwa tarakimu

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kinasa sauti cha kaseti huuacha umeme huo uandike alama ya sumaku mfululizo juu ya utepe. Mashine ya kidijiti hufanya vingine: hupima kimo cha wimbi mara nyingi katika kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kwa tarakimu. Kipimo kimoja huitwa sampuli.

Je, ni sampuli ngapi zinazotosha? Kanuni iliyojengwa juu ya kazi ya Harry Nyquist ya mwaka 1928 na ya Claude Shannon ya mwaka 1949 yasema kwamba idadi ya sampuli kwa sekunde lazima izidi maradufu ya mtikisiko wa kasi kubwa kabisa unaotakiwa kuhifadhiwa. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia Hezi 20 hivi hadi Hezi 20,000. Ndiyo maana sahani za muziki za kidijiti zilizoanza kuuzwa mwaka 1982 hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde. Simu ya kawaida ya mezani ilipogeuzwa kuwa ya kidijiti ilipewa sampuli 8,000 tu, na kwa hiyo haiwezi kupitisha mitikisiko inayozidi Hezi 4,000. Sasa nguvu kubwa ya sauti s imo juu ya mpaka huo. Kwa sababu hiyo, msikilizaji wa simu hutofautisha kusumbua na kufumbua kwa kutegemea maana ya sentensi zaidi ya sauti yenyewe. Mtu wa kawaida hapati hasara, kwa kuwa akili yake hujaza pengo. Mtafiti wa fonetiki hupata hasara kubwa.

Jambo la pili ni usahihi wa kila kipimo, ambao huhesabiwa kwa biti. Kila biti moja huongeza kama desibeli 6 kati ya sauti ndogo kabisa na sauti kubwa kabisa zinazoweza kuandikwa. Biti 16 hutoa takriban desibeli 96. Biti 24 hutoa takriban desibeli 144. Faida ya biti 24 kwa mtafiti ni kwamba anaweza kunasa kwa kiwango cha chini, akijiwekea nafasi ya kutosha endapo msemaji atapaza sauti ghafla, bila ya kuogopa kwamba maneno yaliyosemwa polepole yatazama.

Viwango hivi vina gharama ya nafasi, na hesabu yake si ngumu. Sampuli 48,000 kwa sekunde, kila moja ikichukua biti 24 yaani baiti 3, ni baiti 144,000 kwa sekunde. Saa moja ya sauti ya njia moja huchukua basi megabaiti 518 hivi. Kadi ya gigabaiti 32 hubeba takriban saa 60 za mazungumzo. Kwa bei za leo, hakuna sababu ya kupunguza ubora ili kuokoa nafasi.

Mwisho ni umbo la faili. Umbo la WAV, lililotolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991, huhifadhi kila sampuli kama ilivyopimwa. Umbo la MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida halitarajiwi kuzitambua, ili faili liwe dogo. Linafaa kupelekea wenzi au kusikilizia safarini. Lakini kilichotupwa hakirudi: faili la MP3 lililogeuzwa kuwa WAV huongezeka ukubwa bila ya kuongezeka habari. Yafaa basi kunasa kwa WAV tangu mwanzo.

3. Kunasa vizuri ni nusu ya kuhariri

Mwanafunzi anayeanza hudhani kwamba kompyuta itamsahihishia makosa yake. Makosa machache ndiyo yanayosahihishika. Mengine ni maji yaliyomwagika.

Kosa la kwanza lisilosahihishika ni kunasa kwa kiwango cha juu mno. Wimbi linapozidi nafasi iliyopo, vilele vyake hukatwa na kuwa bapa, na sauti hupasuka. Hakuna programu inayojua kwa hakika kilele kilichokatwa kilikuwaje, hukisia tu. Njia salama ni kumwomba msemaji aeleze safari yake ya siku hiyo kwa dakika moja, na kurekebisha kiwango hadi vilele vya kawaida vifikie kama desibeli 12 chini ya kikomo. Watu wanapochangamka hupaza sauti kuliko walivyofanya wakati wa jaribio.

Kosa la pili ni umbali. Mahali pasipo na kuta za kurudisha sauti, umbali ukiongezeka maradufu nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6, na kelele za mahali hubaki vilevile. Maikrofoni iliyowekwa mezani katikati ya watu watano hunasa chumba kuliko inavyonasa watu. Maikrofoni ndogo inayobanwa kwenye nguo, au iliyo karibu na kinywa kwa umbali wa sentimita 20 hivi na pembeni kidogo ili pumzi isiipige, hutoa matokeo mema zaidi kuliko mashine ya bei kubwa iliyo mbali.

Kosa la tatu ni mwangwi. Chumba chenye kuta tupu na sakafu ya saruji hurudisha sauti, na mabaki ya irabu moja hufunika konsonanti inayofuata. Jambo hili lina uzito wa pekee katika Kiswahili cha Katanga. Wasemaji wengi hutumia kiambishi ba- mahali pa wa- ya Kiswahili sanifu: batu banasema, badala ya watu wanasema. Tofauti ya b na w imo katika kufungika kwa midomo kwa muda mfupi mno, sehemu ndogo ya sekunde. Mwangwi ukijaza kimya hicho kifupi, b huonekana kama w, na takwimu za mtafiti juu ya matumizi ya viambishi huharibika kabla hata hajafungua kompyuta. Pazia, godoro lililosimamishwa ukutani au kivuli cha mwembe uani ni dawa ya gharama ndogo. Wakati wa masika, nyumba ya mabati haifai mvua ikianza. Ni heri kusimamisha mashine na kungoja.

La nne ni mvumo wa umeme. Umeme wa mji hubadilika mara 50 kwa sekunde, na mashine iliyounganishwa nao huweza kuleta mvumo wa Hezi 50 pamoja na vizidishio vyake, 100 na 150 na kuendelea. Vizidishio hivyo vimo katika eneo lile lile la kina cha sauti ya mwanamume anaposema. Anayeuondoa mvumo huo kwa kichujio huweza kuondoa nao sehemu ya sauti, na katika lugha za toni kama Kiluba hasara hiyo hugusa maana yenyewe. Kutumia betri huepusha sehemu kubwa ya tatizo.

Kabla ya mazungumzo, mtafiti hutamka mbele ya maikrofoni tarehe, mahali, lugha na namba ya kazi, ili habari hizo zisitengane kamwe na sauti. Msemaji huombwa ruhusa kwa heshima inayompasa: «Baba, tunaomba ruhusa yenu ya kunasa maneno yenu, na ya kuyatumia katika masomo chuoni.» Jibu lake hubaki ndani ya faili na kuwa ushahidi wa ridhaa. Kisha watu wote hunyamaza kwa sekunde 30. Kimya hicho cha chumba kina matumizi mawili yatakayoelezwa baadaye.

4. Kujifunza programu kwa utaratibu

Miongoni mwa programu za kuhaririia sauti, Audacity ndiyo inayofaa zaidi kuanzia. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni pamoja na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Hutolewa bure, hufanya kazi katika kompyuta za aina nyingi, na menyu zake zinaweza kuwekwa kwa Kifaransa.

Anayeifungua kwa mara ya kwanza hukuta menyu zenye amri nyingi, na kishawishi ni kuzijaribu zote. Hiyo ni njia ya kupoteza majuma. Kwa kazi ya mtafiti wa lugha mambo matano yanatosha kwa mwezi wa kwanza: kuhifadhi, kuona, kuchagua, kuweka lebo na kuhamisha.

Kuhifadhi ndiko huleta machozi. Audacity hutofautisha mradi na faili la sauti. Mradi ni kazi inayoendelea, pamoja na lebo na mabadiliko yake. Hufunguliwa na programu hiyo tu. Faili la sauti, kama WAV, hufunguliwa popote. Hadi mwaka 2021 mradi uligawanyika katika faili dogo na kabrasha la data lililokaa kando yake. Wanafunzi waliobeba faili dogo peke yake katika diski ya mfukoni walifika mbele ya mwalimu wao wakiwa hawana hata sekunde moja ya sauti. Tangu toleo la 3.0 mradi wote umo katika faili moja, lakini anayepokea miradi ya miaka ya nyuma hana budi kudai kabrasha lake.

Kuona na kuchagua huenda pamoja. Wimbi la saa moja likitandazwa juu ya kioo chote huonekana kama ukuta, halisomeki. Mtumiaji huchagua sehemu kwa kipanya, kisha kwa Ctrl na E huikuza hadi ijaze kioo. Kwa mazoezi, jicho huanza kutambua s kwa ukungu wake mnene, irabu kwa mawimbi yake ya mpangilio, na p, t na k kwa kimya kifupi kinachotangulia mpasuko.

Mikono izoee vitufe mapema kuliko kipanya. Kitufe kirefu cha nafasi huanzisha na kusimamisha sauti. Ctrl na Z hutengua kosa la mwisho. Ctrl na M huweka lebo pale sauti ilipofika wakati inapoendelea kusikika. Ctrl na B huweka lebo juu ya sehemu iliyochaguliwa. Ikumbukwe kwamba katika kibodi ya Kifaransa, inayotumika sana nchini, herufi Z na M haziko mahali zilipo katika kibodi ya Kiingereza. Anayejifunza kwa kutazama picha za vitabu vya kigeni afuate herufi, asifuate mahali.

Lebo ndiyo siri ya ufanisi wote. Mtu asiyezitumia husikiliza mazungumzo ya saa moja tangu mwanzo kila anapotafuta sentensi moja. Mtu anayezitumia husikiliza kwa mizunguko mitatu. Katika mzunguko wa kwanza haisimamishi sauti; hubonyeza tu Ctrl na M kila mada inapobadilika, akiandika neno moja: kazi, ndoa, shule, vita. Katika mzunguko wa pili huchagua vifungu vyenye jambo analolichunguza na kuvipa alama fupi alizoziamua mapema, kwa mfano KF pale msemaji anapoingia Kifaransa, KL anapoingia Kiluba, CK penye kicheko. Katika mzunguko wa tatu ndipo anapoandika maneno, na vifungu vile tu alivyovihitaji. Kazi ya kunukuu kwa maandishi ndiyo nzito kuliko zote. Ni hasara kuifanya juu ya dakika zisizohusika.

Lebo hizo huweza kuhamishwa kama faili la maandishi lenye safu tatu: wakati wa kuanza, wakati wa kwisha, na jina la lebo. Faili hilo hufunguliwa katika jedwali lolote, na mtafiti akalipanga kwa alama. Kwa dakika chache hujua msemaji aliingia Kifaransa mara ngapi, wapi, na kwa muda gani. Vilevile programu huweza kukata vipande vyote vilivyowekewa lebo na kuvitoa kwa mara moja, kila kimoja na jina lake.

Kila chombo kina kazi yake. Kupima kina cha sauti na sifa za irabu ni kazi ya Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Kuandika maneno, tafsiri na maelezo katika ngazi zinazofuatana na sauti ni kazi ya ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck ya Isimu-Nafsia huko Nijmegen. Zote mbili hutolewa bure. Audacity hutayarisha sauti na kuiwekea alama. Haichukui nafasi ya hizo.

5. Hatari ya kusafisha

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Amri inayopendwa kuliko zote na wanafunzi ni ile ya kupunguza kelele. Utendaji wake una hatua mbili. Kwanza mtumiaji huionyesha programu sehemu yenye kelele tupu, na hilo ndilo tumizi la kwanza la zile sekunde 30 za kimya cha chumba. Kisha programu hupitia sauti nzima na kupunguza kila kinachofanana na kelele hiyo na kilicho dhaifu kama yenyewe.

Tazama sasa sauti h ya Kiswahili. Kwa tabia yake, h ni pumzi: haina mtikisiko wa mpangilio, na nguvu yake ni ndogo. Machoni pa programu, h ni kelele. Lakini katika Kiswahili cha Lubumbashi kuwapo au kutokuwapo kwa h ni jambo lenye maana kwa uchunguzi. Mara nyingi hudondoshwa, na watu husema apa na uyu kwa hapa na huyu. Wengine huitamka, hasa wanapoelekea kwenye usemi rasmi au wa kanisani. Mwanafunzi anayechunguza ni nani hudondosha h na wakati gani, akisafisha sauti zake kwa nguvu kabla ya kuzisikiliza, atakuta kwamba karibu watu wote wanaidondosha. Atapata jedwali zuri na hitimisho thabiti, na yote yatakuwa kazi ya programu. Wala hakuna atakayegundua, ikiwa nakala ya asili imefutwa.

Audacity yenyewe hutoa njia ya kujikinga. Katika kisanduku cha amri hiyo pana chaguo la kusikiliza mabaki, yaani kile kitakachoondolewa. Mtumiaji huyasikiliza mabaki hayo kabla ya kukubali. Yakiwa ni mvumo na upepo tu, kipimo chake kinafaa. Akisikia humo pumzi za maneno au kivuli cha sauti ya mtu, amezidisha, na ni lazima apunguze. Jaribio hili huchukua nusu dakika na huokoa tasnifu.

Hatari ya pili ni kukata vimya, kusitasita na marudio. Mhariri wa redio ana haki ya kuviondoa, kwa kuwa msikilizaji wake ana haraka. Lakini kwa mwanaisimu, mahali anaposita msemaji kabla ya neno la Kifaransa ni habari juu ya namna lugha mbili zinavyokaa katika kichwa kimoja. Katika ngano, kimya cha mtambaji na itikio la wasikilizaji ni sehemu ya utungaji. Ngano iliyokatwa maitikio imebaki kisa tu.

Hii haina maana kwamba kukata ni dhambi. Kipindi cha kusikilizisha darasani, au nakala ya kumrudishia msemaji na jamaa zake, inastahili kutengenezwa ipendeze. Anayekata azingatie mambo mawili. La kwanza, kisu kipite pale wimbi linapokata mstari wa sifuri, kwani likikatwa kileleni husikika mlio wa kugonga. Kitufe cha Z husogeza mipaka ya sehemu iliyochaguliwa hadi kwenye sifuri ya karibu. La pili, pengo lisijazwe kimya kitupu cha kompyuta. Sikio hutambua mara moja kwamba chumba kimetoweka. Pengo hujazwa kwa kipande cha kile kimya cha chumba kilichonaswa mwanzoni, na hili ndilo tumizi lake la pili.

Njia ya kupatanisha haja hizi zote ni kuwa na nakala tatu. Ya kwanza ni ya asili: haifunguliwi ndani ya programu ya kuhariri, haibadilishwi, haifutwi. Ya pili ni ya uchunguzi: huwekewa lebo, husikilizwa, hupimwa, lakini haikatwi wala haisafishwi. Ya tatu ni ya kusikilizisha: hukatwa, husafishwa na kupendezeshwa kadiri ipasavyo. Aliyeshika utaratibu huu anaweza kufanya kazi upesi bila ya woga, kwa kuwa kosa lolote la nakala ya tatu lina pa kurudia.

6. Kanda za zamani

Katika ofisi na nyumba nyingi za walimu mna kanda za kaseti zilizonaswa miaka ya 1970, 1980 na 1990: ngano, mahojiano, michezo ya kuigiza, nyimbo za makundi ya mjini. Wengi wa waliosema humo wamekwisha fariki. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, haikutengenezwa ili idumu karne. Joto, vumbi na ukungu huila, na mashine nzuri za kuichezea zimekuwa adimu. Kuzihamisha kanda hizi kwenye kompyuta ni kazi ya sasa.

Kazi hiyo haina njia ya mkato: kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60. Ufanisi umo katika kutorudia. Kwanza huvunjwa vile vijino viwili vya nyuma ya kaseti, ili mtu asije akanasa juu yake kwa bahati mbaya. Kichwa cha mashine husafishwa kwa pamba na spiriti. Kanda hupelekwa mbele hadi mwisho na kurudishwa, ili iliyoshikamana ilegee. Kaseti za dakika 120 zitunzwe zaidi, kwani utepe wake ni mwembamba na hunyumbuka upesi. Waya hutoka katika tundu la kutolea sauti la mashine na kuingia katika kompyuta moja kwa moja. Kuweka maikrofoni mbele ya spika ni kunasa chumba upya. Kwa nyaraka za namna hii, Chama cha Kimataifa cha Nyaraka za Sauti, IASA, hupendekeza angalau sampuli 48,000 na biti 24.

Kanda iliyonaswa kwa betri dhaifu ina tatizo la pekee. Mashine ilikuwa inakwenda polepole wakati wa kunasa. Ikichezwa leo kwa mwendo sahihi wa sentimita 4.76 kwa sekunde, mzee husikika kama kijana mwenye haraka. Mara nyingine kelele yenyewe hutoa dawa. Kama ndani ya kanda mliingia mvumo wa umeme wa mji, mtafiti ajua kwamba ulikuwa wa Hezi 50. Akiukuta sasa kwenye Hezi 52, na akahakikisha kwamba hautoki katika mashine anayotumia kuichezea, ajua kwamba sauti yote imezidishwa mwendo kwa asilimia 4, na aweza kuirudisha mahali pake. Aliyekwisha kuuondoa mvumo huo katika nakala pekee aliyonayo ameutupa ufunguo pamoja na takataka.

7. Kuhifadhi

Faili liitwalo «sauti mpya 2» halina mwenyewe. Jina liwe na tarehe, mahali na namba, kwa mfano 2024-05-12_Kenya_03, na Kenya hapa ni mtaa wa Lubumbashi. Tarehe ikianza na mwaka, mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano. Kando yake kuwe na faili fupi la maandishi linaloeleza nani alisema, kwa lugha zipi, nani alinasa, kwa mashine gani, na ruhusa ilitolewa kwa matumizi yapi.

Kanuni inayojulikana sana ya uhifadhi ni nakala tatu za kila faili la asili, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja ikikaa mbali na nyingine. Hivyo kila faili la nakala ya asili iliyoelezwa hapo juu hupewa mapacha wawili. Diski zote tatu zikiwa katika mkoba mmoja, mwizi mmoja anatosha. Na kwa kuwa umeme hukatika bila ya taarifa, mradi uhifadhiwe kila baada ya dakika chache, na betri ya kompyuta iwe na nguvu kabla ya kuanza kuhariri.

Thamani ya kutunza yaonekana wazi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimnasa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, Likasi ya leo. Miaka miwili baadaye Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyopo leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika ya Kusini. Zaidi ya miaka 70 imepita, na vidole vya Mwenda bado vinasikika, kwa sababu kilichonaswa kiliandikiwa habari zake na kikatunzwa. Laiti kila kanda iliyonaswa Katanga ingalipata bahati hiyo.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba ubora wa sauti huamuliwa kwanza mahali inaponaswa. Kwamba programu hujifunzwa kwa kushika mambo machache na kuyazoea, lebo zikiwa mbele. Na kwamba amri zinazovutia zaidi ndizo zinazoweza kuifuta lugha inayochunguzwa. Mapendekezo mawili yafuata. Idara zinazofundisha isimu na fasihi simulizi zingefaidika kwa kuweka zoezi la kunasa, kuwekea lebo na kusikiliza mabaki katika mwaka wa kwanza wa utafiti, kabla mwanafunzi hajatumwa mtaani. Vilevile yafaa kila tasnifu inayojengwa juu ya sauti ikabidhiwe maktaba pamoja na nakala za asili, ili msomaji wa kesho aweze kusikia kama kweli msemaji alisema apa, au alisema hapa na mashine ikammeza.